Nati ya Ishirini na Moja

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wote walioguswa na suala hili, natangaza rasmi kwamba hadithi hii inahusu maendeleo ya usafirishaji, afya ya jamii na mustakabali wa kizazi kijacho. Kwa maneno mengine, inahusu tangi la pikipiki lililooza kwa kutu, na nyumba moja ya vyumba viwili ambamo watu wanne walipokezana kulitikisa kama mtoto mwenye msokoto wa tumbo. Msimulizi hakuwapo. Amekusanya ushahidi kwa watu waaminifu, na hana upande wowote.

Pikipiki ilizimika Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye kona ya soko, sanduku la baridi likiwa limefungwa nyuma. Mwenye pikipiki, ambaye tutamwita Dereva, alikuwa na kazi ya kuchukua sampuli za damu kwenye zahanati tatu na kuzifikisha kwenye maabara ya hospitali kabla barafu haijayeyuka. Alifungua kabureta, na humo akakuta unga mwekundu kama wa tofali. Ilikuwa mara ya pili mwezi ule. Akaanza kusukuma.

Alisukuma muda wa dakika arobaini, kofia ngumu kichwani na kioo chake amekishusha hadi kidevuni. Alisema baadaye kwamba ni kwa ajili ya usalama. Ukweli ni kwamba ilimbidi apite mbele ya kijiwe cha madereva wenzake, na hakutaka sura yake ionekane mahali pamoja na kazi ya mikono yake. Walimtambua kwa viatu. Mmoja akamuuliza kwa adabu zote tangu lini ameanza kuchunga ng'ombe, na kama huyo ana maziwa.

Maabara ilizikataa sampuli. Barafu ilikuwa imegeuka maji, na kwenye zahanati fulani mama fulani angelazimika kuchomwa sindano upya kwa sababu ya kutu ya mtu asiyemjua. Msimamizi wa wasafirishaji hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali.

"Jumatatu ijayo saa mbili kuna ukaguzi," alisema. "Pikipiki ikizima, ikivuja, ikikohoa tu, njia yako nampa mwingine. Na mkataba ni wa mwaka mzima, usije ukaniambia hukujua."

Kesho yake asubuhi alifika kijana wa kushika zamu yake kwa wiki hiyo. Alisimama mlangoni, akamwita Dereva mzee, akasema ametumwa kuchukua sanduku la baridi. Halafu akajikuna shingo. Ametumwa pia kuchukua kizibao cha kung'aa, kile cha kazini.

Mke wa Dereva ni mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake iko hapo hapo sebuleni, chini ya dirisha. Alikitoa kizibao msumarini, akakitazama, akamwambia kijana aketi. Akakifua, akakikamua, akakianika dirishani, akarudi kwenye cherehani. Yule kijana alikaa saa nzima akiangalia kizibao kikikauka, wala hakupewa hata maji. Kilipokauka, Mshonaji alikikunja mara nne kama nguo ya mteja na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Dereva alikuwa uani wakati wote huo, ameinama juu ya pikipiki, akitafuta kitu ambacho hakikupotea.

*

Fundi aliyeitwa anajulikana kama Fundi Kesho, kwa sababu katika maisha yake hajawahi kumwambia mteja neno "leo". Siku ile ya Jumanne alikuja leo. Alilifungua tangi, akaimwaga petroli, akamulika ndani kwa simu.

Akaeleza. Kutu ilikuwa imetanda pande zote mithili ya ukoko. Tangi lingejazwa siki mpaka kesho yake. Halafu zingetiwa nati za chuma, na lingetikiswa Jumatano yote na Alhamisi asubuhi ili nati zikwangue kutu ukutani. Kisha lingesuuzwa, likakaushwa, naye angemimina dawa yake, ile inayochanganywa kutoka kwenye makopo mawili, ambayo huganda ndani na kuziba kila kitundu. Dawa ilitaka siku tatu kamili kukauka. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Dereva alihesabu kwa vidole na kukuta kwamba hakuna kidole cha ziada.

Mapatano yalikuwa dawa ya fundi, nguvu za wenye nyumba. Fundi Kesho alizitoa nati kwenye mkebe wake na kuzihesabu moja moja kwenye sahani ya bati, kwa sauti, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Ishirini na moja," alisema. "Zinaingia ishirini na moja, zinatoka ishirini na moja. Ikipungua moja, dawa simimini, hata mnipigie magoti."

*

Sasa nimtambulishe mwanafamilia mashuhuri kuliko wote. Ni binti wa nyumba hiyo, wa kidato cha tatu, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni. Nyumbani wanamwita Mheshimiwa, kwa kuwa tangu apelekwe bweni akiomba chumvi utadhani anafungua daraja. Shuleni aliwahi kugonga kengele ya chakula saa moja kabla ya wakati, bweni zima likapanga foleni mbele ya jiko lisilo na moto, na sahani mikononi. Ni msichana mwenye kipaji, na watu wenye kipaji hawaeleweki. Shingoni alining'iniza kwa kamba ufunguo wa sanduku lake la chuma, kama wafanyavyo wanafunzi wote wa bweni, maana huko ufunguo ukiuweka chini unazaa mwenye kuuokota.

Jumatano walitikisa. Dereva alianza, akatikisa mpaka mabega yakakataa. Mshonaji akapokea kati ya sare moja na nyingine, amelifunga tangi kwa blanketi kuukuu, analipakata. Mheshimiwa akapokea, akalitikisa kwa hotuba. Hata Bibi, mama yake Dereva, alidai zamu. Macho yake yameingia ukungu, hashoni tena, ila hufumua nyuzi za nguo zilizokosewa kwa kupapasa tu, na masikio yake yanasikia mambo ambayo hayajasemwa. Alilipakata tangi akalisikiliza. Akasema nati zile zinasemana kama wakwe.

Alhamisi saa sita mchana wakazimwaga nati kwenye karai, pamoja na uji mwekundu wa kutu. Siku tatu zilikuwa bado kamili. Dereva akaenda kunawa mikono. Mshonaji alikuwa anachota maji ya kusuuzia. Mheshimiwa akabaki na karai.

Alitoa nati moja, akaifuta, akaitunga kwenye kamba ya ufunguo, akairudisha kamba ndani ya gauni. Mpango wake ulikuwa mwepesi: fundi atahesabu ishirini, atahesabu tena, atakodoa macho, ndipo Mheshimiwa atanyoosha mkono na kuitoa nati ya ishirini na moja sikioni mwake. Bwenini mzaha huo ni wa daraja la pili tu.

Fundi Kesho alifika, akahesabu. Ishirini. Akazitandaza upya, akahesabu. Ishirini. Mheshimiwa alikuwa ameshasogea, ameshainua mkono.

"Niwaambie kitu," alisema Fundi Kesho, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Mwaka juzi nilimmiminia mtu dawa huku nati moja haionekani. Nikasema nilikosea kuhesabu mwanzo. Kumbe ilikuwa imenata pembeni, dawa ikaganda juu yake. Miezi miwili ikakaa. Siku ya siku ikabanduka na ganda la dawa kubwa kama kiganja, vikaenda kuziba tundu la mafuta. Mwenyewe alikuwa analipita lori la mchanga."

Mshonaji akauliza kama mtu huyo alikuwa na watoto.

"Alikuwa na pikipiki nzuri sana," alijibu Fundi Kesho, akaanza kuzirudisha nati kwenye mkebe.

Mkono wa Mheshimiwa ulishuka, akaishia kujikuna shingo. Dakika moja ikapita, halafu ya pili. Mzaha ni kama maziwa, una muda wake. Ukiupitisha unakuwa kitu kingine, na kila aliyemo chumbani anakisikia harufu bila kujua kinatokea wapi.

Bibi aliomba apewe tangi. Akaliinua, akalitikisa taratibu, mara moja upande huu, mara moja upande ule.

"Humu hamna nati," alisema.

Dereva akamjibu kwa upole kwamba fundi ameshahesabu mara mbili, na kwamba nati ikinata kwenye kutu hailii. Bibi akasema chuma kilichonata na chuma kisichokuwapo ni vimya viwili tofauti. Hakuna aliyemsikiliza. Mshonaji akakumbuka kwamba watoto wa jirani walipita uani asubuhi, na kwamba hajawahi kuwapenda. Bibi akasema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaendelea kufumua nyuzi.

Fundi Kesho alichukua makopo yake mawili, mkebe wa nati akauacha. Ikipatikana, alisema, atakuja kesho. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

*

Msimulizi asiyekuwa na upande anaona ni haki kueleza kwamba Mheshimiwa alikusudia kurekebisha mambo. Ijumaa aliamka mapema ili aitumbukize nati kinywani mwa tangi, ianguke, ipatikane, kila mtu amshukuru Mungu. Alimkuta Dereva ameketi kwenye kigoda, tangi magotini, analitikisa. Alikuwa amelitikisa tangu alfajiri. Hakuliweka chini kwa chai, hakuliweka chini kwa simu. Mheshimiwa akajitolea kumpokea. Dereva akamwambia, "Nenda kasome, mwanangu. Hii ni ya kwangu." Akaenda, akafungua kitabu, akasoma ukurasa mmoja mara tisa.

Adhuhuri Dereva alitoka akarudi na chupa ya plastiki aliyoinunua kwa fundi wa kuchaji betri. Aliwaza hivi: kutu ndiyo iliyoishika nati, kutu ikiliwa, nati itaachia. Siki ni mpole mno. Asidi ya betri haitanii. Hakumwuliza fundi, kwa kuwa fundi angesema hapana.

Alimimina uani, akafunga kinywa cha tangi kwa tambara. Tangi likaanza kuchemka bila moto. Mshonaji alitoka na sindano mdomoni, akanusa, akarudi ndani kufunga dirisha kwa ajili ya mashati meupe ya watu. Harufu ilipita chini ya mlango, ikakaa kooni. Bibi aliuliza ni kitu gani kinachotafunwa huko nje. Dereva akasema ni kutu tu, Mama. Bibi akasema anayetafuna hachagui, akimaliza nyama hugeukia mfupa.

Dereva aliliacha hivyo mpaka asubuhi.

Jumamosi sakafu ya ua ilikuwa na doa jeupe la mviringo, na blanketi lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Dereva alilisuuza tangi kwa maji na kwa magadi yote ya jikoni, akangoja nati ianguke. Haikuanguka. Akalikausha, akaliinua juu kuelekea jua, akaweka jicho kwenye kinywa chake, mahali palipotakiwa kuwa na giza.

Aliona nyota tatu.

Alikaa vile muda mrefu, jicho moja amelifumba, kama mtu anayechungulia darubini. Mheshimiwa alisimama nyuma yake, mkono kifuani. Jana kusema kungekuwa aibu. Leo kusema kungekuwa kusema, mimi ndiye niliyelitoboa. Kinywa chake, kile kinachoweza kufungua daraja, hakikufungua kitu.

*

Jumapili Dereva alikata kipande cha sabuni ya kufulia, akakikanda mpaka kikalainika, akakisukumiza kwenye matundu matatu kwa kidole gumba. Hili madereva wote wanalijua. Petroli haiyeyushi sabuni. Akapaka rangi nyeusi juu, akalifunga tangi mahali pake, akatia lita mbili. Akalala chali chini ya pikipiki, akangoja. Robo saa. Nusu saa. Halikudondosha.

Mshonaji alikuwa amesimama juu yake.

"Na injini ikipata moto?"

"Petroli haiyeyushi sabuni."

"Sikukuuliza petroli. Nimekuuliza moto."

Dereva aliendelea kutazama tumbo la tangi. Akasema ukaguzi ni wa dakika kumi. Wanawasha, wanaangalia, wanaandika. Akishapita, fundi atashughulikia mengine kwa nafasi. Mkewe akamkumbusha kwamba toka hapa mpaka hospitali si dakika kumi. Akajibu kwamba ataenda polepole. Halafu akasema, bado amelala chali:

"Yule kijana aliniita mzee."

 Usiku ule kila mtu alijifanya amelala, kwa ustadi mkubwa.

*

Jumatatu saa moja asubuhi Dereva alivaa shati lililopigwa pasi, akaitoa pikipiki mpaka mlangoni, akaiwasha. Iliwaka kwa mpigo mmoja. Akaiacha ingurume ipate joto, isije ikakohoa mbele ya watu. Sauti ilikuwa nzuri, na pengine hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Sebuleni cherehani ya Mshonaji ilikuwa inakimbia. Ukiangalia vizuri ungeona haina uzi.

Bibi alimwita mjukuu wake amsaidie kuinuka, anataka kumuaga mwanawe. Mheshimiwa akainama, akamshika kwapani. Bibi hakuinuka. Aliushika mkono wa msichana akautikisa, taratibu, mara moja upande huu, mara moja upande ule.

"Zima hiyo pikipiki," akapaza sauti.

"Mama, nachelewa."

"Izime nisikie."

Mtu anaweza kumbishia mke, fundi na hata msimamizi, lakini si mama yake, mlangoni, asubuhi. Dereva alizima.

Bibi akamtikisa tena mjukuu wake. Mlio mdogo ukatoka kifuani: ting.

"Tangu Alhamisi nakisikia kinatembea humu ndani," alisema Bibi. "Nikasema ni ufunguo na ufunguo mwenzake. Usiku nikakumbuka sanduku ni moja." Vidole vyake, vile vya kufumua, vikaingia kwenye ukosi wa gauni, vikaikuta kamba, vikaivuta hadi nje. Ufunguo mmoja. Nati moja.

Shingo ile iliyokuwa ndani ya ile kamba ilikuwa yangu.

Basi ndiyo hivyo. Msimulizi alikuwapo, na upande alikuwa nao. Dereva ni Baba. Mshonaji ni Mama. Yale niliyosema Baba aliyawaza nimeyabuni, maana tangu Alhamisi ile sikuthubutu kumtazama usoni nikajua anawaza nini. Nilidhani nikimwita Mheshimiwa na kumsifu kidogo, huenda mngempenda, na hadithi ikaisha kabla hamjauliza ni nani.

  Pale mlangoni, kwa kuwa pikipiki ilikuwa imezimwa, tukasikia sote sauti nyingine. Tone. Kisha tss, juu ya bomba la moshi. Tone. Tss. Mama alikuwa ameacha cherehani. Baba alitazama chini, akaona sabuni yake inatoka kwenye tundu kama ute, nyeupe kwenye rangi nyeusi, na petroli inaifuata. Hakuwa amekwenda hata hatua moja.

Alishuka. Aliisukuma pikipiki hadi katikati ya ua, mbali na nyumba, akachota mchanga kwa mikono akaumwaga pale ilipodondoka. Akavua kofia. Nilingoja anipige. Ningeshukuru.

Alichukua simu, akampigia msimamizi, akasimama wima kama anaonekana.

"Shikamoo, mkubwa. Haitafika." Akasikiliza. "Hapana, si kwamba naumwa. Ni tangi." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Ndiyo, mkubwa. Ndiyo. Nimeelewa, ni mpaka mwakani." Halafu, kwa sauti ndogo, "Kizibao anacho tayari."

Akaketi kwenye kigoda. Akautoa mkebe wa fundi, akazimwaga nati kwenye sahani ya bati, akaanza kuhesabu, moja moja, bila haraka, kama vile bado ni Alhamisi saa sita. Alipofika ishirini alinyoosha kiganja kuelekea kwangu, macho yake yako kwenye sahani.

Nilifungua fundo la kamba. Lilinichukua muda, maana nilikuwa nimelikaza sana. Niliiweka nati kiganjani mwake. Ilikuwa na joto la mwili wangu, na najua aliisikia.

"Ishirini na moja," alisema Baba.